Je, daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa anaweza kuwa mtafiti wa majeruhi na wagonjwa mahututi?

Daktari wa Zamu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, na hasa wakubwa zangu katika fani, shikamooni.

Nilimaliza shahada ya uzamili ya upasuaji miaka miwili iliyopita, na sasa natumika katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo kando ya barabara kuu. Zamu zangu za usiku, kwa sehemu kubwa, ni za majeruhi: vijana wa bodaboda pamoja na abiria wao, watembea kwa miguu waliogongwa wakivuka barabara jioni, waliochomwa visu, na msimu wa maembe unapofika, watoto walioanguka kutoka mitini. Chumba chetu cha wagonjwa mahututi kina vitanda vinne na mashine mbili za kupumulia, na moja kati ya hizo hufanya kazi pale tu inapotaka.

Mwaka jana, katika muda wa mwezi mmoja, nilipokea majeruhi watatu waliopasuka bandama. Wote walikuwa wanaume wa umri wa kati ya miaka ishirini na thelathini, wote waliumia kwenye pikipiki, na wote niliwapasua kwa mkono wangu mwenyewe. Wawili walifariki na mmoja akaenda nyumbani. Baada ya mazishi ya yule wa pili, ambaye baba yake alikuja kunishukuru kwa maneno yaliyonikosesha usingizi, nilichukua mafaili yote matatu nikayalaza mezani nikitafuta tofauti. Sikuipata, na sababu haikuwa kwamba tofauti haipo, bali kwamba haikuandikwa. Katika mafaili mawili shinikizo la damu la kwanza halikurekodiwa, saa ya kuwasili haikuwamo katika faili lolote, na kiasi cha damu walichoongezewa niliweza kukikisia tu kwa kuhesabu stika za chupa.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kuyafanya majeraha na uangalizi wa mahututi kuwa kazi yangu ya utafiti kwa maisha yangu yote, na sio tasnifu ya kutimizia masharti ya chuo kama ile niliyoiandika kuhusu ngiri. Wenzangu wananiambia kwamba utafiti ni wa watu wa Muhimbili au wa waliokwenda nje, na kwamba daktari wa upasuaji anayeandika sana ni yule anayekimbia chumba cha upasuaji. Nawaomba mnijibu kwa uwazi. Je, kazi hii inawezekana ukiwa mkoani? Nianze na nini, na je, ni lazima nitangulize shahada ya uzamivu? Na hili la wagonjwa mahututi, je, ni letu sisi wa kisu, au tuwaachie wenzetu wa usingizi?

Bingwa Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa wagonjwa wale wawili. Nimeshika kisu kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na nakuambia mapema kwamba umekwisha kuanza. Aliyelaza mafaili matatu mezani akagundua kwamba hayawezi kumjibu amefika mahali ambapo watafiti wakubwa wa fani hii walianzia.

Nikupe mfano wa jirani zetu, ambao nasikitika kwamba vijana wengi wa hapa hawaujui. Profesa Olive Kobusingye wa Uganda ni daktari wa upasuaji aliyefanya kazi ya kupokea majeruhi Kampala. Kipimo kilichotumika duniani wakati huo kueleza uzito wa majeraha kilikuwa kile kilichotungwa Marekani mwaka 1974, ambacho hukutaka ujue kila jeraha la mgonjwa na kulipa daraja lake, jambo linalohitaji picha nzuri za mionzi, taarifa ya upasuaji au uchunguzi wa maiti. Katika wodi ambayo picha ya kifua inasubiri filamu iletwe, kipimo cha namna hiyo hakimsaidii mtu. Kwa hiyo yeye na Ronald Lett, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, wakatunga Alama za Kampala na kuzichapisha mwaka 2000 pamoja na maelezo ya daftari la majeruhi katika hospitali za Uganda. Alama zile zinataka mambo matano tu: umri, shinikizo la juu la damu, idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha ufahamu, na kama majeraha makubwa ni mawili au zaidi, moja au hakuna. Ukijumlisha unapata namba kati ya 5 na 16, na aliye chini ya 11 ni majeruhi wa hali mbaya. Muuguzi mmoja mwenye saa ya mkononi na kipima shinikizo anaweza kuzikamilisha kabla dripu haijafungwa.

Yachukue tena mafaili yako matatu ujaribu kuyapa alama. Huwezi, kwa sababu shinikizo la damu halimo katika mawili. Hapo ndipo pa kuanzia: tengeneza daftari ambalo ndani yake mambo hayo matano hayakosekani kwa majeruhi yeyote, usiku na mchana, kwa miezi kumi na miwili.

Nataka pia utazame alichofanya baada ya hapo, kwa maana ndicho kinachotofautisha makala moja na maisha ya utafiti. Yeye na wenzake walitoka hospitalini wakaenda kuuliza nyumba kwa nyumba, kijijini na mjini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yakaonyesha kwamba mjini ajali za barabarani ndizo zilizoongoza kwa kuua, lakini kijijini lililoongoza lilikuwa ni kufa maji. Hebu fikiri, mwanangu: katika miaka yangu yote sikumpokea mezani mtu aliyekufa maji, na kama ningeandika kitabu cha majeraha ya nchi hii kwa kutazama wodi yangu peke yake, ningemwacha nje. Baadaye alifanya kazi ya kuzuia majeraha katika ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika na katika Shule ya Afya ya Umma ya Makerere. Wapo wanaosema kwamba aliuacha upasuaji. Mimi naona alimfuata mgonjwa wake nyuma hadi mahali alipoumia, na sijui njia ya heshima zaidi kwa mpasuaji.

Charles Mock naye, mpasuaji wa Kimarekani aliyefanya kazi Ghana akiwa kijana, alijiuliza swali linalofanana na lako. Mwaka 1998 yeye na wenzake walilinganisha majeruhi wa hali mbaya wa miji mitatu, wakiwahesabu hata waliofia njiani. Seattle walifariki asilimia 35, Monterrey ya Meksiko asilimia 55, Kumasi asilimia 63. Wengi tungesoma hapo tukadai vyumba vya upasuaji vipya. Lakini alipotenganisha vifo kwa mahali vilipotokea, aliona kwamba kati ya waliofariki Kumasi, 81 kwa kila mia hawakuwahi kufika hospitalini. Kwa kuwa Ghana wakati huo majeruhi walibebwa na magari ya abiria na teksi, wakawafundisha madereva 335 huduma ya kwanza na kufuatilia walichofanya barabarani, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2002. Hapakuwa na mashine yoyote ya gharama kubwa ndani yake. Kwetu sisi, anayembeba majeruhi ni mwendesha bodaboda mwenzake, na sijaona bado mpasuaji wa mkoani aliyemfuatilia kwa uangalifu wa namna ile.

Mfano wa mwisho ni wa London, nao nauleta ili usidharau daftari. Mwaka 2003 Karim Brohi, daktari wa upasuaji, pamoja na wenzake walipitia kumbukumbu za majeruhi waliokuwa wameletwa kwa helikopta, wakawapata 1,088 wenye vipimo kamili. Karibu robo yao damu yao ilikuwa imekwisha kupoteza uwezo wa kuganda walipofika mlangoni, na hao walikufa kwa kiwango cha takribani mara nne ya wenzao. Kabla ya hapo tulifundishwa kwamba damu hukataa kuganda kwa sababu sisi wenyewe tumeizimua kwa dripu na kumwacha mgonjwa apoe. Kumbe jeraha lenyewe linaanza kuiharibu mapema. Fikra hiyo iliyobadilisha namna ya kuongeza damu duniani kote ilitoka katika karatasi zilizokuwa tayari kabatini, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akizijaza kila siku bila kujua zitamfaa nani.

Kuhusu shahada ya uzamivu, usiitangulize. Itakuja kukutafuta ukiwa na data ya miaka miwili mkononi, na wasimamizi watagombea kukuchukua. Ukienda leo mikono mitupu utapewa swali la mtu mwingine. Wanaosema kwamba mwandishi ni mkimbizi wa chumba cha upasuaji nimewasikia tangu ujana wangu. Endelea kupasua vizuri, na usitoroke zamu yako kwa kisingizio cha utafiti hata siku moja, kwa sababu siku utakapofanya hivyo watakuwa wamesema kweli.

Muuguzi wa Mahututi amejibu:

Daktari, pole na kazi. Shikamoo Bingwa, nimekusoma kwa makini. Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na naomba niseme kwa upande wa wale watakaolijaza daftari hilo mnalolizungumzia.

Niliwahi kufanya kazi katika hospitali moja ambako uliletwa utafiti wa majeruhi wenye fomu ya kurasa kumi na moja. Hatukuulizwa lolote kabla ya fomu kuchapishwa. Usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa wote, kwa hiyo fomu zilijazwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa kukumbuka, na pale ambapo mtu hakukumbuka aliandika pumzi ishirini. Najua hivyo kwa sababu nami niliandika. Utafiti ule ulichapishwa, na kila nikifikiria kwamba kuna mahali daktari anausoma na kuuamini, nasikia uchungu. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujachora safu hata moja ya daftari lako, kaa na wauguzi wa mapokezi zamu tatu, ya mchana, ya jioni na ya usiku, uone mkono wa nani uko huru dakika ya ngapi. Na jina la muuguzi anayekusanya data kwa mwaka mzima liwemo katika makala.

Umeuliza kama mahututi ni wenu au ni wa watu wa usingizi. Hao wagonjwa hawakai mahali mnapofikiri wanakaa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukiwatazama wagonjwa zaidi ya 19,000, na madaktari wa Tanzania ni miongoni mwa walioufanya. Mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na walio wengi walikuwa katika wodi za kawaida. Kwa hiyo usiviangalie vitanda vyako vinne peke yake. Yule kijana uliyemtoa bandama ukamrudisha wodi namba fulani kwa sababu kitanda cha mahututi hakikuwepo ndiye mgonjwa mahututi hasa, na saa tisa ya usiku hakuna aliyehesabu pumzi zake. Ipo orodha iliyokubaliwa na wataalamu wa nchi mbalimbali mwaka 2021 ya huduma za lazima kwa mahututi, zenye hatua 40 ambazo nyingi ni za mikono na macho: kumgeuza ubavu asisongwe na matapishi, kumpa oksijeni, kupima na kumwita daktari. Ningependa sana kumwona mpasuaji akichunguza ni ngapi kati ya hizo mgonjwa wake anazipata usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Hilo ni swali la utafiti, na halihitaji mashine ya kupumulia.

Jambo jingine linalonigusa ni dripu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Tanga mwaka 2011 yalipotoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu katika hospitali ya Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa nasibu: baadhi wakapewa maji mengi ya haraka kama miongozo ya nchi tajiri ilivyoelekeza, wengine wakapewa ya polepole tu. Baada ya saa 48 walifariki zaidi ya 10 kwa mia katika makundi yaliyopewa maji ya haraka, na 7 kwa mia katika kundi la polepole. Hakuna aliyetegemea hivyo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Miaka sita baadaye Lusaka nao wakapata mwelekeo huo huo kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la chini: 48 kwa mia walifariki katika kundi lililofuata utaratibu mpya wa maji na dawa, na 33 kwa mia katika kundi la huduma ya kawaida. Nawaza ni wangapi tuliowafungulia maji kwa mikono yetu kwa nia njema kabisa. Anayesema kwamba utafiti ni wa walio nje hajafikiria kwamba jibu la nje linaweza kumdhuru mgonjwa wa hapa, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kuligundua hilo isipokuwa sisi tulio naye.

Mtakwimu wa Mombasa amejibu:

Salaam kwenu nyote. Mimi si daktari. Ni mtakwimu niliyefanya kazi na vikundi kadhaa vya utafiti wa hospitali hapa pwani ya Kenya. Nakubaliana na Bingwa karibu katika yote, ila nina mambo ya kuongeza, na moja la kupinga kwa heshima.

Dada muuguzi ametaja majaribio ya kugawa wagonjwa kwa nasibu, na nadhani daktari kijana akisoma atatamani kufanya la kwake. Avute subira. Mwaka 2010 jaribio la CRASH-2 lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Waliopewa dawa walifariki 14.5 kwa mia, na waliopewa maji matupu 16.0. Tofauti hiyo ni kubwa kwa binadamu lakini ni ndogo kwa macho, na ili ionekane bila shaka walihitajika wagonjwa 20,211 wa hospitali 274 katika nchi 40. Kama hospitali yako inapokea majeruhi 300 wa aina hiyo kwa mwaka, ingekuchukua miaka 67 kuwapata wote peke yako. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulikuwa na thamani kubwa zaidi kwangu: dawa ikitolewa ndani ya saa moja inaokoa sana, ndani ya saa tatu inaokoa kiasi, na baada ya saa tatu waliopewa walionekana kufa zaidi kwa kuvuja damu kuliko wasiopewa. Sasa rudi kwenye mafaili yako yasiyo na saa ya kuwasili. Bila ya saa hiyo, hata dawa iliyokwisha kuthibitishwa huwezi kujua kama unampa mtu uhai au unamdhuru.

Kwa hiyo mwenye daftari zuri asijifungie nalo; ajiunge na mitandao. Jaribio la ChEETAh lililochapishwa mwaka 2022 liliuliza jambo ambalo mpasuaji yeyote anaweza kuliuliza: je, kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo kunapunguza vidonda kuoza? Hospitali 81 za nchi saba zilishiriki, Rwanda na Ghana zikiwemo, wagonjwa zaidi ya 13,000, na maambukizi yakashuka kutoka 18.9 hadi 16.0 kwa mia. Hospitali zilizoalikwa ni zile ambazo zilikuwa na watu waliozoea kuhesabu.

Nije kwenye tahadhari. Daftari la hospitali linawahesabu waliofika. Aliyekufa barabarani hayumo, aliyeanzia kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi kutibiwa, akachelewa yumo kwa saa isiyo yake, na aliyetoroshwa na ndugu kupelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa ataandikwa kwamba ameondoka, nawe utamhesabu miongoni mwa waliopona. Lililo gumu kuliko yote ni siku ya thelathini. Tumezoea kuandika hali ya mgonjwa siku anapotoka wodini, ilhali wapo wanaotoka na kufia nyumbani wiki ya pili. Katika mradi mmoja tulipiga simu, tukagundua kwamba namba nyingi zilikuwa za yule mwendesha bodaboda aliyemleta mgonjwa, asiyemjua hata jina. Tangu hapo huomba namba mbili, ya ndugu wa nyumbani na ya jirani au balozi, na hupigwa palepale kabla mgonjwa hajalazwa.

Kisha kuna ridhaa. Kijana asiye na fahamu hawezi kukubali utafiti, na ndugu yake anayelia mlangoni hawezi kusoma kurasa nne. Kwa kunakili tu yale ambayo yangeandikwa hata bila utafiti, kamati ya maadili inaweza kuruhusu bila ridhaa ya mmoja mmoja, lakini uamuzi huo ni wa kamati, wala si wako. Peleka andiko lako kwenye kamati kabla ya kunakili jina la kwanza. Nimeona kazi nzuri ya miaka mitatu ikikataliwa na jarida kwa sababu kibali kilitangulia data kwa tarehe tu na si kwa ukweli.

Ninalopinga ni hili la kuahirisha masomo kabisa. Shahada ya uzamivu inaweza kusubiri, lakini elimu ya takwimu isisubiri. Nimewaona wapasuaji hodari wakileta data ya miaka miwili ambayo nusu yake haitumiki, kwa sababu neno "kawaida" liliandikwa mahali palipotakiwa namba. Mtafute mtakwimu kabla ya siku ya kwanza ya daftari, hata kwa mazungumzo ya saa moja tu.

Daktari wa Zamu amejibu:

Bingwa, Dada, Kaka wa Mombasa, nawashukuru kutoka moyoni. Nimesoma majibu yenu mara mbili kisha nikayachapa na kuyabandika ofisini.

Nimekwisha kukaa na wauguzi wa mapokezi zamu mbili za usiku, na Dada, umesema kweli tupu: dakika kumi za kwanza hakuna mkono ulio huru isipokuwa wa mhudumu anayesukuma machela. Tumeafikiana na muuguzi kiongozi kwamba karatasi iwe nusu ukurasa, ibandikwe kwenye ubao wa machela yenyewe, na mambo matano ya Alama za Kampala yawe juu kabisa. Mpimaji wa shinikizo ataitaja namba kwa sauti na mhudumu ataiandika. Swali langu la kwanza, kwa ushauri wenu, nimelipunguza likawa moja: kati ya majeruhi wanaofika wakiwa na alama chini ya 11, ni muda gani unapita tangu kufika hadi chupa ya kwanza ya damu, na ni wangapi wako hai siku ya thelathini? Andiko liko njiani kwenda kamati ya maadili, na mtakwimu nimempata katika chuo kilicho jirani.

Kinachonisumbua bado ni saa ya kuwasili. Kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya serikali ya taarifa za wagonjwa, kinaandikwa mgonjwa anaposajiliwa, na majeruhi mahututi husajiliwa mwisho, ndugu wanapopatikana. Usiku ule wa pili niliangalia saa yangu: mmoja alifika saa nne na dakika ishirini, akaandikwa saa tano na nusu. Nikitumia saa ya kitabu, nitaonekana natoa damu kabla mgonjwa hajafika.

Bingwa Mstaafu amejibu:

Mwanangu, tatizo hilo nililikuta nami, na jibu lake nililipata getini. Mlinzi wa zamu ana kitabu chake cha magari, na kila gari au pikipiki inayoingia usiku anaiandika namba na saa, kwa sababu kikipotea kitu ataulizwa yeye. Nenda ukakitazame kabla ya kununua saa ya ukutani. Kama kinajazwa vizuri, mwombe mlinzi aongeze safu moja ya alama kwa kila chombo kinacholeta majeruhi, na asubuhi karani wako alinganishe na karatasi za machela. Fanya hivyo kwa wiki mbili za majaribio, uhesabu ni majeruhi wangapi wanaoonekana katika vitabu vyote viwili na wangapi katika kimoja tu, kisha utuletee namba hizo hapa. Na jina la mlinzi ulitaje kwenye andiko lako kwa kamati, ili ajue kwamba ameingia kazini nasi.